Kitambaa cha Viti vya Jumba la Mwezi

Loice alikuwa amezunguka soko la Nakivubo, Kampala, tangu asubuhi akitafuta rangi ya buluu. Gauni lake la njano la marinda lilikuwa limeshika vumbi pindoni, kiatu kimoja kilimbana, na jasho lilikuwa limeanza kuharibu wanja. Hakutaka buluu yoyote tu. Alitaka ile nzito, ya anga jua likishazama na giza bado halijashika. Duka la kwanza walimwonyesha buluu ya sare za shule. La pili, buluu ya milango ya zahanati. Katika duka la tatu muuzaji alimwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake, kwamba ilikuwepo, makopo mawili ya mwisho, na yule anayetoka mlangoni ndiye aliyeyachukua.

Loice aligeuka. Aliona mgongo mpana, ovaroli la fundi lililofungwa mikono kiunoni, na makopo mawili yakizama katikati ya watu.

Akamfuata. Alipita kati ya wauza soksi, akalikwepa toroli la mananasi, akapigwa kikumbo na mwanamke aliyebeba godoro kichwani, akamshika yule mtu mkono pale ambapo teksi zilikuwa zimefunga njia na kila dereva anapiga honi kwa hasira zake.

"Kaka, niuzie hayo makopo."

Mtu yule alimtazama kuanzia kiatu kinachobana hadi wanja uliochuruzika. Alikuwa na uso mrefu mtulivu na doa la rangi nyeupe kwenye sikio.

"Miye siuzi rangi, mama. Napaka."

"Basi niambie unapaka wapi, nimwombe mwenye ukuta."

"Ni duka la dawa. Na weye? Ukuta gani unakukimbiza hivi?"

"Si ukuta. Ni dari. Nataka watoto wakiinua macho waone mbingu."

Yule mtu akaweka makopo chini. Watu wakaanza kuyazunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

"Mbingu haipakwi na mtu mwenye haraka," alisema.

"Ndiyo maana natafuta fundi pia."

"Bon, sawa. Rangi na fundi vinaenda pamoja. Huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine."

"Na duka la dawa?"

"Wagonjwa watangoja," alisema, akacheka, na meno yake yalikuwa na mwanya mdogo katikati. "Kasereka. Natoka Butembo, Kongo."

"Loice. Natoka Kakamega. Na usiniite mama, sijakuzaa."

"Kwetu ni heshima."

"Kwetu ni uzee."

Wakaondoka pamoja, yeye amebeba makopo, Loice akichechemea.

Jumba la Mwezi lilisimama ndani ya bustani ya michezo iliyo mbele kidogo ya Kansanga. Watu wazima wengi wa Kampala waliwahi kuletwa pale wakiwa wadogo, siku ya Krismasi, wakiwa na soksi nyeupe. Unakaa ndani ya kigari, kigari kinazunguka polepole gizani, juu yako mwezi wa plastiki unawaka na nyota za balbu zinakonyeza. Hiyo ilikuwa zamani. Sasa zulia la kahawia lililogundishwa ukutani mpaka usawa wa kifua lilinuka kama mbwa aliyenyeshewa. Vioo vidogo vya mapambo vilikuwa vimedondoka vikaacha mabaka ya gundi. Dari lilivimba kwa maji. Ndani ya mwezi walihamia popo. Viti vya vigari vilikuwa vya plastiki nyekundu, vimechanika, sponji inachungulia.

Bwana Sifuna, kontrakta, Mkenya mwenzake kutoka Bungoma, ndiye aliyepata kazi ya kulifanya jumba jipya kabla ya likizo ya Desemba. Alimpa Loice aisimamie. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu amalize masomo ya jioni ya upambaji wa nyumba, yale aliyoyasoma na mtoto amelala mapajani, na Sifuna aliahidi kwamba jina la Loice litaandikwa kwenye kibao cha mlangoni. Alimpa kazi, lakini hakumpa nafasi ya kuifanya. Kila asubuhi simu ililia.

"Loice, weka kijivu."

"Bosi, ni jumba la watoto."

"Kijivu hakionyeshi uchafu. Hoteli zote mpya ni kijivu."

"Watoto hawaji hapa kwa mkutano, bosi."

"Usinijibu kama mwalimu. Umeme umerudi?"

Umeme haukuwa umerudi. Ukirudi, jenereta ndiyo imekwisha kuwashwa. Jenereta ikiwashwa, mvua inanyesha na maji yanapita kwenye paa ambalo fundi wa paa aliapa amelimaliza. Zulia liling'oka na plasta yake. Plaiwudi ilikuja imepinda. Popo walifukuzwa Jumatano, Alhamisi wakawa wamerudi. Loice alikuwa akisimama katikati ya jumba, mikono kiunoni, kofia ya plastiki imemkalia juu ya misuko, akihisi kwamba jumba zima limekula njama ya kubaki baya.

Kitu kimoja tu ndicho kilichokwenda mbele. Juu ya jukwaa la miti, amelala chali, Kasereka alikuwa akipaka mbingu.

"Umelala au unafanya kazi?" Loice aliuliza kutoka chini.

"Niko nafanya kazi kwa kulala. Wivu?"

"Shuka ule."

"Nikishuka rangi itakauka na alama. Nirushie chapati."

"Hapana. Utaidondosha kwenye mbingu yangu."

"Yako? Sheri wangu, miye ndiye napaka."

"Mimi ndiye nimeinunua."

"Ulininunua miye pia. Hukumbuki? Pale Nakivubo."

Fundi wa makochi, Wahabi, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, aliyekuwa ameajiriwa kutengeneza viti lakini hana kitambaa cha kutengenezea, alikuwa akisikiliza haya yote akitafuna kabalagala, vile vitumbua vya ndizi. "Nyinyi wawiri," alisema, "mnapigana kama watu wamekwisha oana. Mimi nakaa hapa burebure."

Jioni simu ya Loice iliwaka tena, na hii aliipokea kwa sauti nyingine.

"Umekula nini?" Kasereka aliuliza.

"Wali na maharage. Na wewe?"

"Sombe ya Hortense, kisamvu cha kwetu. Dada yangu anapika sombe mpaka majirani wanalia. Nilikuwa nakuwazia."

"Unawaza nini na wewe siku nzima umeniona?"

"Nakuona umekasirika. Jioni nakuwazia umefurahi. Ni mtu mwingine kabisa."

Loice alicheka kwa kuziba mdomo, maana Celestine alikuwa karibu kusinzia. Celestine alikuwa na miaka minne na baba aliyekuwa mahali fulani Nairobi. Loice alimficha Kasereka habari hiyo kwa wiki nyingi, si kwa aibu ya mtoto, bali kwa sababu alijua uso ambao wanaume hufanya wakiambiwa. Aliuona uso huo mara mbili. Wanatabasamu, wanauliza jina la mtoto, kisha simu zao zinakuwa hazipatikani. Kama Kasereka naye atafanya hivyo, aliwaza, bora nisijue leo.

Lakini Jumapili moja alichoka kuogopa, akamwalika nyumbani kwake Kansanga. Kasereka alikuja amevaa shati la maua lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Celestine alimtazama kwa muda mrefu, akapanda juu ya kiti, akagusa lile sikio lenye doa.

"Umechafuka."

"Hii haitoki," Kasereka alimwambia. "Nilizaliwa nayo."

"Uongo."

"Haya. Leta sabuni tujaribu."

Wakasugua sikio, wote wawili, kwa bidii, wakimwaga maji mpaka kwenye kochi. Loice alisimama jikoni na mwiko mkononi, akawatazama.

Kasereka aliondoka siku hiyo akiwa ameamua. Na mtu wa ukoo wao akiamua, hasemi. Mama yake aliolewa hivyo, na bibi yake kabla ya mama yake: mwanaume ananunua kikwembe, yaani kitenge, kipande kizima, kilicho bora kuliko uwezo wake. Anamkabidhi dada yake. Dada anakipeleka kwa mwanamke, bila maelezo, maana kumweleza mwanamke mzima kitambaa kina maana gani ni kumfanya mtoto. Mwanaume mwenyewe anakaa mbali. Mwanamke akikishona na kukivaa, amekubali, na wakubwa wanaanza safari. Akikiacha kimekunjwa, amekataa kwa upole, na hakuna aliyeaibika.

Alikitafuta kikwembe hicho wiki nzima. Alikipata cha buluu nzito, buluu ya dari lao, chenye ndege wa rangi ya dhahabu wanaoruka kuelekea upande mmoja. Akanunua kipande kizima, halafu kingine kidogo cha urembo uleule.

Ijumaa hiyo Loice alimpigia simu akiwa amefika mwisho wa uvumilivu wake. Malalamiko yalikuwa mengi: popo, paa, Sifuna na kijivu chake, na mwishowe viti. "Wahabi anakula kabalagala tu, hana kitambaa. Sifuna ameniletea ngozi ya plastiki ya kijivu, naona kama viti vya basi la polisi. Si dada yako anauza vitenge? Mwulizie basi."

"Nitaongea na Hortense," Kasereka alijibu, na akili yake ilikuwa mbali, kwa ndege wa dhahabu. "Atakuletea kitu. Ukikiona, utajua. Miye sitakuwepo siku mbili tatu, kuna kazi Bwaise naenda kuangalia."

Aliongea na Hortense kweli. Viti alikuwa amekwisha visahau.

Hortense alifika Jumamosi, saa ambayo umeme ulikuwa umeenda na jenereta ilikuwa inakohoa moshi ndani ya jumba. Alikuwa mwanamke wa heshima zake, amevaa libaya, blauzi ya kikwembe yenye mikono ya mawimbi, kilemba kimesimama, viatu vya kisigino vikikanyaga vumbi la plasta. Alisimama mlangoni na kifurushi mikononi, akangoja akaribishwe.

Loice alikuwa na simu kwenye sikio moja na kidole kwenye lingine. "Bosi, hapana. Bosi, nisikilize." Akamwona mgeni, akamtambua kwa mwanya wa meno kama wa kaka yake. "Dada Hortense. Karibu, samahani, weka pale juu ya mbao. Ni kizima?"

"Ni kizima," Hortense alisema polepole. "Na kale kadogo."

"Asante sana. Umeniokoa. Mwambie Kasereka nimefurahi." Na kwa simu: "Bosi, sikusema na wewe."

Hortense alitazama huku na huku kama kuna kiti. Hakikuwepo. Akaweka kifurushi juu ya mbao, akaondoka akijiambia kwamba Wakenya wana haraka, lakini amesema amefurahi, na hilo ndilo jibu.

Simu ilipokwisha, Loice alifungua kifurushi. Ndege wa dhahabu walimmwagikia mikononi. Alisimama akipapasa kile kitambaa, kizito, laini, kinanukia upya. Alikipitisha shavuni. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamtazama, alikishikilia kiunoni mbele ya kile kioo kimoja kilichobaki, akageuka kushoto, akageuka kulia. Kilimpendeza vibaya sana. Buluu ileile ya dari. Kasereka amekumbuka kila kitu nilichokisema, aliwaza. Mtu gani huyu anayesikiliza hivi.

Kisha akapumua, akakikunja. Kazi kwanza.

"Wahabi. Kitambaa cha viti kimekuja."

"Nnyabo, hii?" Wahabi alimwita kwa heshima ya Kiganda, akifuta mikono kwenye suruali. "Hii iko mzuri sana. Hii watu navaa."

"Watoto watakaa juu yake. Wanastahili kitu kizuri."

"Mimi nakata?"

"Kata."

Akakata. Mkasi ulipita katikati ya ndege. Mpaka jioni vigari vyote vilikuwa vimevaa, kitambaa kimevutwa juu ya sponji mpya na kupigiliwa misumari midogo pembeni, na kale kadogo kakafunika stuli ya muuza tiketi.

Jumatatu Kasereka alikuja mapema, amenyoa, amevaa lile shati la maua. Loice alimkimbilia langoni na ovaroli lake, vumbi mpaka kwenye kope. Kasereka alimtazama mavazi, akajituliza: kwa kazi hawezi kukivaa, bila shaka kiko kwa fundi cherehani.

"Njoo uone," Loice alisema, akamshika mkono. "Funga macho. Usichungulie. Haya, fungua."

Kasereka akafungua. Wahabi alikuwa amekaa ndani ya kigari cha mbele, akijirusha juu na chini kujaribu sponji, na chini yake ndege wa dhahabu walikuwa wamebanwa.

"Inabeba," Wahabi alisema. "Hata mtu kubwa inabeba."

Kasereka alisogea karibu. Alitembea kutoka kigari hadi kigari. Aligusa kichwa cha msumari mmoja kwa kidole.

"Vimependeza?" Loice aliuliza, na furaha ilikuwa imeanza kumpungua bila kujua kwa nini.

"Vimependeza."

"Una nini?"

"Na kale kadogo?"

"Kale kako pale, kwa stuli ya tiketi. Kametosha kabisa."

Kasereka aliitikia kwa kichwa. Alipanda jukwaani, akashuka na kopo lake la brashi, akatoka nje kwenye jua. Kwa macho yake alikuwa ameona jibu ambalo ukoo wao haukuwahi kulisikia: si mwanamke aliyekataa kwa upole, bali aliyekata, akapigilia misumari, akamwita aje ashuhudie.

Loice alimpigia simu mchana, haikupokelewa. Alimpigia jioni. Siku iliyofuata simu ikawa haipatikani, na sauti ile ya mwanamke wa mtandao, ile aliyoizoea, ikamwambia kila kitu alichohofia. Jumapili Kasereka alimwona mtoto, Ijumaa akapata kazi Bwaise, Jumatatu akaondoka. Alikuwa mjinga kiasi gani kuamini lile sikio na sabuni.

"Mjomba wa rangi anakuja leo?" Celestine aliuliza.

"Ana kazi."

"Kesho?"

"Kula, mama. Chakula kinapoa."

Jumba nalo halikumhurumia. Dari lilikuwa nusu buluu, nusu plasta tupu. Siku ya kufungua ilikuwa Jumamosi. Sifuna alikuja mwenyewe, akainua kichwa, akatikisa. "Fundi wako ametoroka. Kesho asubuhi naleta mtu wa kupaka yote kijivu. Nilikuambia tangu mwanzo."

Loice hakuwa na nguvu ya kubishana. Alijiambia amalize deni moja tu, akalipie kitambaa, asije Mkongo yeyote akasema Loice alikula mali ya watu. Akaenda kwenye kibanda cha Hortense, pale Kansanga, nyuma ya baa zinazofunguliwa mchana.

Hortense alikuwa akikunja vikwembe. Hakumkaribisha.

"Dada, nimekuja kulipia kitambaa cha viti."

Mikono ya Hortense ikasimama. "Cha nini?"

"Cha viti."

"Rudia tena, niwe na hakika."

"Vile viti vya vigari. Nilimwomba Kasereka akuulizie."

Hortense alimtazama usoni akitafuta dhihaka. Hakuiona. Akaketi taratibu.

"Mama Celestine. Kikwembe kile kaka yangu alikitafuta wiki nzima. Nilivaa libaya ya harusi kukuletea. Nilisimama mlangoni kwako mpaka visigino vikanitoboa, nikingoja unipe maji. Mwanamke anapewa kikwembe, anakishona, anakivaa, basi, amekubali mume. Weye ukamweka kaka yangu chini ya matako ya watu."

Loice alishusha mkono ulioshika pesa.

"Hakuna aliyeniambia," alisema.

"Nani anaambia? Kikwembe ndicho kinasema."

"Kwetu kitambaa hakisemi, dada. Kwetu mwanaume akinitaka ananiambia, halafu wazee wanakuja."

"Sasa yeye ajisemee mwenyewe? Kama anayeuza nyanya?"

"Na kale kadogo?" Loice aliuliza, na sauti ilikuwa imeshuka.

"Weye ulifikiri ni cha nani? Cha Celestine. Nilimwuliza, kwa nini viwili? Akasema, simvishi mama nikamwacha mtoto anatazama."

Loice akaketi palepale alipokuwa amesimama, juu ya marobota ya vitenge, akalia kwa kwikwi kama mtoto.

"Usilie juu ya bidhaa," Hortense alisema, lakini alikuwa tayari anamfuta uso kwa ncha ya kilemba chake. "Yuko Bwaise. Anapaka saluni. Asipopaka anaumwa."

Loice alirudi jumbani kwanza. Sifuna alikuwa hapo, anang'aa, mikono nyuma. "Mwenye bustani amekuja. Amezunguka na kigari, akataka tena. Amesema viti ndivyo vilivyomfurahisha kuliko vyote. Nimemwambia lilikuwa wazo langu."

"Navitoa," Loice alisema. Akachukua koleo kwenye sanduku la Wahabi.

"Unatoa nini?"

"Kitambaa. Si mali ya kazi. Ni changu, nilipewa."

"Na nani?"

"Na mwanaume."

Mafundi wa paa walikoma kugonga, huko juu. Sifuna alishusha sauti. "Dada yangu, sikiliza vizuri. Ukitoa hata msumari mmoja, kile kibao cha mlangoni kitakuwa na jina langu peke yangu."

Loice alikuwa amekwisha liona jina lake pale, mara nyingi, akiwa ndani ya teksi, akiwa anafua, akiwa darasani amechoka. Aliliona hata sasa. Akapiga magoti mbele ya kigari cha kwanza.

"Andika lako, bosi. Na ile ngozi yako ya kijivu iko stoo, haijafunguliwa."

Wahabi alishika kichwa. "Nnyabo, mimi nimepiga misumali hii siku nzima. Weka, toa, weka, toa. Mimi iko mtu ama iko mlango?" Lakini alipoona anavyovuta, akamnyang'anya koleo. "Wewe nachana. Toa hivi, porepore. Ndege hana kosa."

Mvua ilikuwa imenyesha, na Bwaise maji yalikuwa bado hayajaondoka. Watu walipita juu ya mbao zilizotandazwa kati ya mlango na mlango. Loice alipita na Celestine mgongoni na mfuko begani, mpaka akaona ngazi, na juu ya ngazi Kasereka akipaka kichwa cha mwanamke mwenye misuko kwenye ukuta wa saluni.

"Mjomba wa rangi," Celestine alisema.

Kasereka aligeuka. Alimwona mtoto aliyefungwa kitambaa cha buluu shingoni, kimetobolewa vitundu vidogo pembeni kote, na ndege mmoja wa dhahabu kifuani.

"Nani amemvika?"

"Mimi."

"Na weye?"

Loice alifungua mfuko, akatoa vipande kimoja baada ya kingine: vya mviringo, vya pembe, vyote na matundu ya misumari. "Mimi nimekatwakatwa. Nimejaribu vyote. Hakuna kinachonifika magotini."

Ndani ya saluni mashine ya kukausha nywele ilizimwa. Wanawake walitaka kusikia.

"Nilifikiri ni cha viti," Loice alisema.

"Kikwembe kizuri hivi?"

"Ulisema utaongea na Hortense kuhusu viti."

"Niliongea na Hortense. Viti nilivisahau."

"Ungeniuliza. Ulizima simu. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri umemwona Celestine, ukaona mzigo, ukaondoka."

Kasereka alishuka ngazi, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikuwa na hasira ya kweli. "Kwa sababu ya mtoto? Weye ulinifikiria hivyo miye?"

"Na wewe ulifikiri nakupigilia misumari makusudi."

Wakatazamana. Mmoja alikuwa na rangi kwenye nyusi, mwingine matope mpaka magotini.

"Kwa nini mtu asiseme tu?" Loice aliuliza, amechoka.

"Baba yake Celestine, yeye alisema?"

"Kila siku. Alisema vizuri sana."

"Halafu?"

"Akaondoka huku anasema."

"Ndiyo ile. Ndiyo maana sisi tunatuma kikwembe." Alichukua kipande kimoja, akakinyoosha juu ya kiganja. "Sasa mdomo huuamini, kitambaa unakikata. Nikuambie na nini?"

"Mwambie na rangi," sauti ilitoka saluni, na wengine wakacheka.

Simu ya Loice ililia mfukoni. Ilikuwa ya Sifuna. Aliiacha ilie.

"Anataka kuniambia habari ya dari," alisema. "Kesho anapaka yote kijivu."

"Mbingu?"

"Mbingu."

"Kijivu?" Kasereka alisema neno hilo kama kitu alichokanyaga. Akafunika kopo lake, akamwambia mwenye saluni kwamba misuko ingengoja mpaka wiki ijayo, akamchukua Celestine kutoka mgongoni mwa mama yake, akamweka begani. "Twende. Leo nalimaliza, hata kwa taa ya simu. Anipake miye kwanza kabla ya kulipaka lile dari."

Lakini hakuondoka. Alisimama juu ya ubao, maji yakipita chini, akageuka.

"Kabla ya kwenda," alisema, "nitasema kwa mdomo. Wangu. Sijawahi, na mama yangu akisikia atacheka."

"Sema polepole," Loice alimwambia. "Nisije nikakata tena."

Akasema, kwa Kiswahili, mbele ya saluni nzima. Kisha, kwa kuwa Kiswahili hakikumtosha, akasema tena kwa Kinande, lugha ya kwao. Loice hakuelewa hata neno moja la mara ya pili, lakini alijibu ndiyo mara zote mbili.